Nyama Iko Mu Moto

Kila mara tunapokutana kuzungumza desturi za Masisi na Walikale, tunaandika juu ya mahari, juu ya kutawazwa kwa wami, juu ya kasiksi na matambiko, na juu ya ngoma ambazo vijana hawazijui tena. Ni vizuri. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeshika kalamu kuandika juu ya mahali ambapo watu wa wilaya hizi mbili wanakula nyama kweli kweli: chini ya shitingi, kando ya barabara, mbele ya nusu ya pipa lililojaa makala. Ukiuliza kwa nini, wazee wanajibu kwamba broshete si desturi, ni mambo ya mji, ilikuja na malori na pombe ya chupa. Na wenye nganda nao wakilalamikiwa wanajibu kwa upande mwingine: eti sisi Waafrika hatuhesabu saa, eti mgeni hachagui chakula, eti ndiyo desturi yetu. Mimi ninapinga wote wawili. Wazee wanakosea kusema kwamba si desturi, na wenye nganda wanaisingizia desturi mambo ambayo haikusema.

Tuanze na malalamiko, kwa maana watu wanalalamika tangu Sake mpaka Mubi, ila wanalalamikia nyumbani, kwa sauti ya chini, wakati feza imekwisha kutoka mfukoni.

Mteja anaingia saa sita ya mchana. Anauliza: «Mbuzi iko?» Anajibiwa: «Iko.» Neno hilo «iko» lina maana nyingi. Pengine mbuzi amekwisha kuchinjwa na kukatwa. Pengine amefungwa nyuma ya nyumba na bado anakula majani. Pengine yuko sokoni, na kijana ametumwa kwa kinga kwenda kumtafuta. Mteja haambiwi. Anakaa, analetewa bia haraka sana, kwani bia haipikwi na ndiyo yenye faida. Saa moja ikipita anauliza. «Iko mu moto, papa.» Saa mbili zikipita anauliza tena. «Iko mu moto.» Wakati huo amekwisha kunywa chupa tatu juu ya tumbo tupu, na hapo ndipo nyama inaletwa, kwa sababu mtu aliyelewa hahesabu vipande.

Na vipande vyenyewe! Kijiti kimoja kina vitano: viwili vya nyama, kimoja cha mafuta, kimoja cha pafu, na cha tano ni kitunguu kinachojaza nafasi. Nje ni cheusi kama kisiki cha shamba lililochomwa, ndani kuna damu. Chumvi na pilipili vinakuja kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto wa shule, na ukiangalia vizuri unasoma hesabu zake, na alama aliyopewa. Makemba yalichomwa asubuhi, yamekauka, yanapiga kelele mdomoni. Ukiomba maji ya mikono unaonyeshwa beseni moja ambalo watu kumi wamekwisha kunawa humo.

Halafu fakitire. Hakuna bei iliyoandikwa popote, si ukutani, si kwenye ubao. Bei inazaliwa mwishoni, baada ya kuangalia viatu vyako. Mwenye viatu vya vumbi analipa bei moja, aliyeshuka kwenye gari lenye bendera ya shirika analipa nyingine, na mgeni wa Goma analipa bei ya tatu. Ukitoa dola, inageuzwa mbele ya jua, inakunjwa, inakunjuliwa, inapelekwa kwa patron, inarudi: ina kitundu kidogo pembeni, haitembei. Lakini franga unazorudishiwa zenyewe zimekuwa kama majani ya sombe yaliyotwangwa, na hizo ni lazima uzipokee. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na mabenki yakafungwa, noti mpya zikawa adimu, na ugomvi huu wa noti ukaongezeka mara mbili. Ninaelewa sababu yake. Ila ninauliza kwa nini hasara ya noti chakavu iwe ya mteja tu kila siku.

Siandiki haya ili kuwachafua wote. Iko mama mmoja kando ya barabara ya Sake, sitamtaja jina, ambaye moto wake ni shule. Hawezi kuweka nyama mpaka makala yote yamevaa majivu meupe, maana, anasema, moto wenye ulimi unachoma ngozi na kuacha tumbo la nyama baridi. Anakata vipande sawa, visivyo vikubwa, ili viive pamoja. Mafuta anayaweka katikati ya nyama mbili ili yaloweshe, si ili yaongeze hesabu. Chumvi anaitia nyama ikikaribia kuiva. Na mguu wa mbuzi anakuonyesha mbichi kabla ya kuukata: «Angaria, ni huu.» Ukimwambia una haraka, anakujibu wazi: «Ya leo itachelewa, nenda ule maragi pale kwa jirani.» Amepoteza mteja wa siku ile, na mteja yule atarudi miaka kumi. Kumbe inawezekana.

Sasa tuje kwenye desturi, kwa maana hapo ndipo uongo ulipo.

Mzee anaposema kuchoma nyama na kuila pamoja na watu wasio ndugu si kwetu, amesahau msitu. Walikale ni nchi ya msitu, na wawindaji wa msitu wote wanajua kwamba mnyama akianguka, mazungumzo ya kwanza ni ya mgawo. Mwenye mbwa ana fungu lake. Mwenye wavu ana lake. Aliyechoma mkuki wa kwanza hasahauliki hata kama mnyama ameangukia mbele ya mtu mwingine. Mkuu ana wanyama wake ambao hakuna anayethubutu kuwala kwa siri, chui akiwa wa kwanza. Na mgawo huo unafanywa wapi? Mahali pa wazi, juu ya majani, mbele ya macho ya wote. Hakuna anayekwenda nyuma ya nyumba na kurudi na kijiti kilichokwisha kufungwa. Kwa hiyo mwenye nganda anayeficha kisu chake na bei yake asiseme anafuata mababu. Mababu walikata nyama hadharani kwa sababu walijua kwamba nyama iliyokatwa gizani inazaa vita.

Tena tunayo kumbukumbu kubwa zaidi. Wanyanga wamepata bahati ambayo makabila mengi hayakupata: utenzi wao wa Mwindo ulichukuliwa mwaka 1956 kutoka kinywani mwa mwimbaji Shekarisi Rureke, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck pamoja na mwana wa nchi, Kahombo Mateene, wakauchapisha, na leo unasomwa katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya. Watu wetu wengi wanajua mwanzo wake tu, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, na ugomvi wake na baba yake Shemwindo. Wachache wanakumbuka kwamba shida ya mwisho ya Mwindo ilianzia kwenye tamaa ya nyama.

Mwindo alikuwa amekwisha kuwa mkuu. Akatamani nyama ya nguruwe wa porini. Hakwenda yeye, aliwatuma Wambuti wake. Huko msituni wakakutana na Kirimu, lile dubwana, likawameza. Mwindo akaenda, akaliua, likaletwa kijijini, likapasuliwa, na watu wakatoka ndani yake wazima; na macho yake yalipochomwa motoni watu wakazidi kutoka. Furaha kubwa. Lakini harufu ya nyama ile ilipanda mpaka juu, ikamfikia Nkuba, bwana wa radi, ambaye alikuwa rafiki wa damu wa Kirimu. Nkuba akashuka, akamchukua Mwindo mbinguni, na huko mkuu akakaa mwaka mzima akipigwa na baridi, mvua na jua, mpaka kiburi kikamtoka. Aliporudi ndipo akawapa watu wake maagizo ya namna ya kuishi, na ndani yake mna kuheshimiana kwa mkuu na watu, heshima ya kwenda na kurudi, na kutomcheka mgonjwa au kilema anayepita.

Nimeona mara nyingi hadithi hii ikisimuliwa kama mchezo wa watoto. Mimi naiona ni hadithi ya mahali pa kuchomea nyama. Inauliza mambo yale yale: nani ametumwa kutafuta nyama, nani ameliwa njiani, nani anakula, na harufu inamfikia nani ambaye hakualikwa.

Basi tujibu. Nani anawinda, na nani anakula?

Wambuti wa Walikale na wa Masisi ndio wanaoujua msitu kuliko sisi wote. Hata utenzi unakubali: mkuu hakupata nyama bila wao. Sasa nenda leo kwenye nganda ya senta yoyote siku ya soko. Mmbuti ameleta kuni, ameleta asali, ameleta majani ya kufungia. Amelipwa nusu ya bei. Akitaka kula broshete moja kwa feza yake mwenyewe, hapewi kiti. Anapewa kijiti mkononi, asimame nje, au aketi chini pale kwenye majivu. Sahani haguswi nayo, na akinywa, anatafutiwa kikombe cha pembeni ambacho hakichanganywi na vingine. Nimeona hivyo kwa macho yangu, si mara moja, na waliofanya hivyo walikuwa watu waliosoma, wenye Biblia mezani. Mmoja aliniambia: «Ni desturi, mwalimu.» Desturi ya nani? Katika utenzi wa Wanyanga, mkuu aliwafuata watu wake mpaka mdomoni mwa Kirimu. Hakuwaachia nje ya mlango.

Hiyo ndiyo kesi yangu ya kwanza dhidi ya nganda zetu, na ninaiweka mbele ya kesi ya vipande vidogo. Nyama mbaya unaweza kuitema. Kikombe cha pembeni kinamfuata mtu mpaka kaburini.

Kesi ya pili ni zamu. Katika nyumba ya Mhunde au ya Mnyanga mgeni anapewa kwanza, na kama wageni ni wawili, aliyetoka mbali anatangulia. Katika nganda anayetangulia ni mwenye bunduki. Miaka ile ya Bisie, tangu 2002 hivi, kasiteriti ilipoanza kutoka, na ndege ndogo za Goma zikawa zinatua juu ya kipande cha lami ya Kilambo na kubeba mawe, Mubi na Njingala zilijaa nganda kuliko vyumba vya shule. Wachimbaji walitoka msituni kwa miguu na feza mfukoni, wamechoka, wana njaa ya siku mbili. Waliketi. Halafu wanaingia wenye silaha, na nyama iliyokuwa ya yule wa kwanza inageuka njiani, inakwenda meza nyingine. Mwenye kulipa anasubiri, asiyelipa anakula. Mwaka 2010, mwezi wa Septemba, serikali ilisimamisha uchimbaji mpaka Machi 2011, na wengi walifikiri desturi hiyo itakufa pamoja na biashara. Haikufa. Silaha zimebadilisha mikono mara ngapi tangu wakati ule, sitahesabu, lakini kila jeshi na kila kikundi kilichopita Nyabiondo, Pinga, Kitchanga au Walikale penyewe kimekuta sahani imekwisha kuandaliwa, na mwenye nganda akitetemeka na kutabasamu.

Simlaumu mwenye nganda kwa kumwogopa mtu mwenye bunduki. Namlaumu kwa sababu amejifunza somo lile na kulihamishia kwa raia. Leo hata pasipo askari, anayetangulia ni mwenye sauti kubwa, mwenye gari, chef wa kitu fulani. Mama aliyeketi na watoto wawili tangu asubuhi anaambiwa «iko mu moto», huku anaona kwa macho yake kwamba imetoka motoni na imepita mbele yake.

Kesi ya tatu inaniumiza kuisema, lakini kijitabu cha desturi kisichosema neno hili ni kijitabu cha uongo. Ni lile swali: «Weye ni wa wapi?» Kwa wazee swali hilo lilikuwa mlango wa ukarimu. Ukijibu, mzee anatafuta undugu: shangazi yangu aliolewa huko, mto ule naufahamu, keti. Siku hizi katika baadhi ya nganda swali hilo linaulizwa kabla ya nyama ili kujua kama utapewa nyama, na nyama gani, na kwa uso gani. Mhunde anapewa uso mmoja, Mhutu mwingine, Mtutsi mwingine, Mnyanga, Mtembo, Mkumu, Mnande mfanya biashara, kila mmoja na uso wake. Zipo nganda zinazojulikana kuwa «za hawa» na nganda «za wale», na mtu akikosea mlango, mazungumzo yanakatika mpaka atoke.

Wenye umri wangu hawahitaji kuambiwa mambo hayo yanaishia wapi. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, katika Walikale, kabla ya kuenea Masisi. Sokoni! Mahali ambapo watu walikuwa wamekuja kuuza na kununua, na kula. Hakuna aliyeanza kumwua jirani siku moja tu. Kwanza aliacha kunywa naye katika kikombe kimoja. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba habari za nganda ni habari ndogo, za tumbo, mimi namwambia akasome mwaka 1993 vizuri.

Na hapo wazee wetu wanaopinga nganda wanapoteza silaha nzuri. Kwa maana pipa lile lililopasuliwa lina jambo moja ambalo baraza letu halina: linaweza kuketisha kabila zote za wilaya hizi mbili mezani pamoja pasipo hotuba. Mfugaji ameleta ng'ombe kutoka milima ya Mushaki au Ngungu, mkulima ameleta makemba kutoka bonde la Lowa, makala yametoka msituni, chumvi imetoka mbali, mchomaji ni wa kabila la nne. Broshete moja ni mkutano wa amani uliogharimu franga chache kuliko mikutano yote tuliyofanyiwa katika hoteli za Goma. Yule anayeuliza «weye ni wa wapi» kwa uso mbaya anavunja kitu ambacho makala yalikuwa yamekwisha kukijenga.

Jambo jingine zuri la nganda, nitalisema haraka kwa kuwa najua litaleta kelele. Katika sehemu nyingi za Kivu mwanamke aliambiwa asile mbuzi, na firigisi ya kuku ilikuwa ya baba, na mke aliyeila alirudishwa kwao. Nganda imemaliza hayo. Msichana anaketi, anaagiza mbuzi wake, anakula, hakuna ndevu zilizomwota. Wazee wanaolilia mwiko huo walilie peke yao.

Lakini msichana anayeketi na kula ni mmoja, na wanaotumika ni watano. Tuseme juu yao. Mteja anapokasirika kwa sababu nyama imechelewa, anamtukana nani? Hamtukani patron, aliyejificha nyuma na kitabu chake. Hamtukani mchomaji, mwenye kisu. Anamtukana yule dada mwenye sinia, ambaye hakuchinja, hakuwasha moto, hakupanga bei. Wengi wao hawana mshahara. Wanalishwa masazo na wanangojea «ya sabuni» kutoka kwa mteja. Sahani ikipotea wanakatwa. Mteja akitoroka bila kulipa, deni ni lao. Na mteja akinunua bia mbili, anafikiri amenunua na mkono wa dada. Hapo malalamiko ya mteja yanageuka: mteja naye anashitakiwa. Tunasema mgeni ni baraka, lakini mgeni wa zamani alikuwa na adabu za kulipa ukarimu: aliacha silaha mlangoni, hakumshika binti wa nyumba, hakuondoka bila kuaga. Wale wa mashirika walitufundisha neno «mteja ni mfalme», na vijana wanalirudia kwa Kifaransa. Sijui kama wanajua wanachosema. Katika falme nyingi za Maziwa Makuu mwami alikula faraghani, bila macho ya watu, na kula kwake kulizungukwa na miiko. Ukitaka kuwa mfalme katika nganda, anza na hiyo: kula kimya.

Imebaki habari ya nyama yenyewe, inatoka wapi. Hapa mteja hataki kuuliza, na mwenye nganda hataki kuulizwa, na wote wawili wanapatana vizuri.

Nyama ya ng'ombe ya Masisi inasifiwa mpaka Kinshasa, kama ile jibini yetu. Lakini kila mtu anajua kilichotokea kwa ng'ombe hao. Vita vya miaka ya 1990 viliwamaliza karibu wote. Malisho yakabaki majani matupu. Wenyewe walipoanza kurudisha mifugo, wizi nao ukarudi. Ng'ombe anayeibwa usiku hawezi kuuzwa akiwa mzima, kwa sababu ana alama na anajulikana. Anauzwa akiwa vipande. Na vipande vinauzwa wapi? Kwa hiyo siku ambayo broshete ya ng'ombe imeshuka bei ghafla, na wateja wanafurahi, na wanaitana kwa simu, kuna mfugaji mahali fulani anafuata damu kwenye majani. Msinifanye nitaje senta. Mnazijua.

Upande wa Walikale swali ni jingine: «Ni nyama gani hii?» Jibu: «Kula tu, papa.» Msitu wetu unagusa Kahuzi-Biega na Maiko, mbuga zilizotengwa tangu 1970, zenye sokwe wakubwa wa bondeni wasiopatikana duniani nje ya Kongo hii yetu ya mashariki. Nyama iliyokaushwa kwa moshi mpaka ikawa nyeusi haina uso tena. Haisemi kama ilikuwa swala au kitu kingine. Kwa wazee jina la mnyama lilitangulia mlo, kwa sababu kila ukoo ulikuwa na mnyama wake usiomla. Kumpa mtu nyama bila kumwambia jina lake ilikuwa karibu sawa na kumroga. Leo tunamwambia «kula tu», tena tunacheka.

Wenye nganda watanijibu kuhusu bei, na hapo wana haki. Ng'ombe anayeshuka kutoka Masisi analipiwa kila bariere. Mwaka 2017 watafiti walihesabu bariere 798 katika Kivu zote mbili, na kila kamba iliyofungwa barabarani inakula kipande cha broshete kabla yako. Kweli kabisa. Basi mwambieni mteja hivyo. Andikeni kwenye ubao: mbuzi ni kiasi hiki, na sababu ni hii. Mtu anakubali bei kubwa aliyoambiwa mapema. Kinachomchoma ni bei ndogo iliyokua wakati akila.

Na maji. Ebola ilipokuwa Kivu ya Kaskazini, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ikafika hata Pinga mwaka 2019, kila nganda iliweka mlangoni ndoo yenye robine na maji ya dawa, na mtu hakuingia bila kunawa. Hakuna aliyesema ni kinyume cha desturi. Tuliweza kwa miaka miwili. Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, ndoo zikaingia jikoni kuwekea maharagi, na beseni la watu kumi likarudi. Huwezi kuniambia kwamba ndoo yenye robine ni ghali kuliko televisheni ile ya kutazama mpira.

Nitamaliza na sisi wenyewe, wa chama. Sikukuu zetu za utamaduni nazo zina moto wa nyama. Nimehudhuria kadhaa. Sinia la kwanza linakwenda kwenye meza yenye kitambaa, kwa wakubwa na wageni wa heshima, na la pili, na la tatu. Wacheza ngoma waliotoka jasho tangu asubuhi wanapewa mwisho, mifupa na mchuzi. Wambuti tunaowaita waje kucheza mbele ya kamera wanalishwa nyuma ya lori. Halafu katibu anasoma hotuba juu ya ukarimu wa mababu.

Kwa sikukuu inayokuja nimekwisha kupeleka maombi matatu kwa maandishi: nyama ikatwe mbele ya watu, wacheza ngoma wote wapewe viti na sahani kama za wengine, na wale wasichana watakaobeba masinia walipwe siku ile ile jioni, kiasi kinachojulikana tangu asubuhi. Bado sijajibiwa. Yule mama wa barabara ya Sake amekubali kuja kuchoma, na amesema atakuja na mizani yake.